Sumaku za Besi Yako, Mjomba

Nyumbani kwa Bi Bimdogo,
Makorora,
Tanga.
16 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Taimur,

Assalamu alaykum, na shikamoo mjomba. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe na mkaza mjomba Shahd. Je, goti limepoa tangu uanze ile dawa ya kuchua? Na joto la Maskati limepungua, au bado mnatoka kiyoyozi hiki kuingia kile?

Huku sote wazima, alhamdulillah. Presha ya mama imetulia. Ulimi wake ndio haujatulia. Mvua za vuli zimenyesha siku tatu mfululizo, njia yetu imekuwa uji, na mkungu wa uani umeangusha tawi juu ya banda la kuku. Kuku wamepona, jogoo amenuna.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ulipoona ile video ya kikundi chetu tukipiga sikukuu ya Idi ulinipigia ukaniuliza, "Siham, mbona besi inalia kama bati?" Nikakujibu kwamba simu haibebi sauti nzito. Nilikudanganya, mjomba. Simu haikuwa na kosa lolote. Naandika kwa kuwa tukizungumza simuni mama hukaa ubavuni mwangu, na haya nilitaka wewe uyapate kutoka kwangu, yote, bila kukatizwa.

Humjui Miraji, na hujapungukiwa na kitu. Ni mtu wa hapa hapa mjini, alikwenda Dar es Salaam miaka sita, akarudi na kinanda, miwani ya jua anayoivaa hadi ndani ya nyumba, na mtindo wa kusema "sisi wasanii" hata anapoagiza maharage. Kikundi chetu cha taarabu, Waridi la Makorora, hakikuwa na kiongozi tangu mzee Sabiri apumzike, basi Miraji akaingia kama anayeingia kwake. Kuimba hajui. Kinanda anabonyeza kitufe, kinajipiga chenyewe, yeye anatikisa kichwa.

Mtu huyo ndiye aliyeniambia kwamba besi yangu imezeeka. "Dada Siham," aliniambia mbele ya wenzangu, "besi yako inasikika kama mtu anayeongea ndani ya shuka. Siku hizi watu wanataka sauti inayokata."

Nikamsikiliza! Hapo ndipo ninapojidharau kuliko ninavyomdharau yeye. Miaka kumi na moja nimelipiga gitaa la besi ulilokuwa ukilipiga wewe hapa nyumbani kabla ya kunikabidhi. Sauti yake naijua kama ninavyozijua nyayo za mama ukumbini: nzito, ya mviringo, inatembea chini ya waimbaji bila kuwakanyaga. Lakini mwenye miwani akasema neno moja, na mimi nikaanza kuionea haya.

Alimleta fundi wake, Robert, kijana wa Kishambaa anayetengeneza redio Mabawa. Gitaa likakaa kwake siku mbili. Liliporudi linang'aa kama sufuria la bibi harusi. Zile sumaku mbili nyeusi zinazokaa chini ya nyuzi na kuinasa sauti zimeondolewa, zimewekwa mpya zenye rangi ya fedha zinazotumia betri. Nyuzi mpya. Vitufe vipya. Na mgongoni, mjomba, walikuwa wametoboa mbao kupata mahali pa kuweka hiyo betri. Tobo la mraba, kama dirisha la choo. Nisamehe. Najua ulivyokuwa hata ukucha hutaki uguse ile rangi.

Niliuliza sumaku za zamani ziko wapi. Miraji akacheka. "Zile? Robert alizitupa. Chuma chakavu, dada."

Unajua nilifanya nini? Nilisema asante. Kesho yake nikampelekea sinia la halua. Kila nikilikumbuka hilo sinia natamani kuingia chini ya kitanda.

Sauti mpya ilikuwa kali kweli. Kila nikigusa uzi, kinatoka kitu kama kijiko kinachoanguka kwenye sakafu ya vigae. Imakulata, mwimbaji wetu, yule binti wa akina Luka waliokuwa shamba la mkonge, alikuwa akinigeukia katikati ya wimbo kama mtu aliyekanyagwa. Aliniambia, "Shoga, zamani nilikuwa najiegemeza kwako. Sasa nikijiegemeza naanguka." Miraji akasema Imakulata hana sikio la kisasa.

Kisha ikaja harusi moja ya alasiri, ukumbini Mabawa. Watu wamejaa, udi unafuka, bibi harusi keshaketi. Tulikuwa katikati ya wimbo wa kumtunza mama yake, betri ikafa. Besi ikanyamaza kabisa. Nikageuza kitufe, nikatikisa waya, wapi. Mimi nimesimama mbele za watu navuta nyuzi zisizotoa sauti, na wimbo bado una beti tatu. Miraji akaivuta maikrofoni mdomoni mwake akasema, "Mtuwie radhi jamani, besi yetu imeshikwa na mwanamke."

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka niliwasikia mmoja mmoja.

Sikuondoka jukwaani. Nilivuta zile nyuzi bubu mpaka wimbo ukaisha, kila noti mahali pake, kwa sababu wewe hukunifundisha kuacha wimbo njiani. Nilipofika nyumbani nililiweka gitaa kwenye ganda lake, nikalisukuma nyuma ya kabati la mama, na kwa wiki tano sikuligusa. Mama aliniuliza mara moja tu, nikamjibu vibaya, hakuuliza tena. Ndizo siku ulizokuwa ukipiga simu nami nikisema nina mafua.

Siku moja nilikwenda kumsaidia Imakulata kukaanga maandazi ya sherehe ya kipaimara ya mdogo wake. Redio iko juu ya friji. Ukapigwa wimbo mpya wa Miraji, ameurekodi kwenye chumba chake anachokiita studio. Kinanda ni kile kile cha kubonyeza, maneno hayana kichwa wala miguu. Lakini chini yake, mjomba, ilikuwa inatembea besi. Nzito, ya mviringo.

Mikono yangu ilikwama kwenye unga. Imakulata akadhani mafuta yameniunguza. Nikamwambia, "Hiyo ni sauti ya gitaa langu." Akaongeza redio, akasikiliza, akazima jiko. Hakuniuliza mara mbili.

Tulikwenda vile vile hadi chumbani kwa Miraji, na unga mikononi. Tulimkuta Miraji amekaa na Robert, gitaa jipya la besi limetundikwa ukutani, jekundu kama pikipiki. Na chini ya nyuzi zake ziko sumaku mbili nyeusi, kuukuu, moja imemeguka pembe. Kwenye gitaa jipya zilionekana kama meno ya mtu mwingine.

Nikamuuliza, "Hizi umezipata wapi?"

"Ziko nyingi Dar," akasema bila kuvua miwani. "Za aina hii zinatafutwa sana sasa."

Nikamgeukia Robert. "Zifungue."

"Usiguse gitaa langu!" Miraji akasema.

Robert alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama chini. Kisha akasema polepole, "Dada, mimi niliambiwa umemuuzia." Akachukua bisibisi. Miraji akaanza kupaza sauti kuhusu heshima ya msanii, na Imakulata akasimama mlangoni na mwili wake wote, unamjua alivyo, hakuna aliyetoka wala kuingia.

Sumaku zikatoka. Chini ya ile iliyomeguka kuna kipande cha plasta ulichobandika wewe, chenye jina lako kwa herufi za Kiarabu. Wino umepauka lakini unasomeka. Nikausoma kwa sauti: Taimur. Baadaye Robert alinieleza kwamba Miraji alikuwa anajua kuna maandishi. Alidhani ni alama ya kiwanda, akawa anajisifia kwa wenzake kwamba ana sumaku za Uarabuni. Mtu mzima na miwani yake.

Hata hapo hakuona haya. Alisema, "Wewe ungezifanyia nini? Unapiga harusi za uswahilini. Sauti kama ile inataka studio."

Ndipo nilipoelewa, mjomba. Mtu huyu hakuwahi kuona besi yangu mbaya hata siku moja. Aliitamani. Hakuwa na miaka kumi na moja ya kujifunza, basi akaona ni rahisi zaidi kunifanya niidharau mwenyewe, nimkabidhi kwa mikono yangu, na nimshukuru kwa halua. Nilitaka kumtemea mate, ila chumba kile ni cha kupanga na mwenye nyumba hajanikosea. Nikachukua vyangu nikatoka.

Robert alikuja hapa nyumbani siku iliyofuata bila kuitwa, akaketi barazani na vifaa vyake, akaanza kung'oa kila kitu. Betri nje, sumaku mpya nje, nyaya zile nyembamba kama nywele nje. Alirudisha zako, akachomelea upya, mama akimsimamia kama askari kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kumficha. Nilipomweleza mama kisa kizima alivaa baibui aende kwa Miraji. Ilibidi nimfiche kiatu kimoja.

Lakini tulipowasha, bado haikuwa yenyewe. Ilikuwa imekaribia tu. Nikaketi pale nikiwa nimevunjika moyo, nikidhani Miraji ameiharibu moja kwa moja. Robert akalitega sikio akasema tatizo sasa ni nyuzi. Zako za zamani, zilizolainika kwa miaka, alizitupa kweli, na hilo kosa ni lake. Akaenda kwa Godlisten, mpiga besi wa kwaya ya kanisani kwao, akaja na nyuzi zilizosukwa laini, zisizokwaruza kidole, ambazo kwaya ilizikataa kwa kuwa hazina makelele. Tukazifunga. Kisha nikakata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikakichomeka chini ya nyuzi huko mwishoni zisivume ovyo, nikapunguza ile sauti nyembamba mpaka chini kabisa.

Waridi la Makorora nimeliacha. Imakulata ameondoka nami, na wapiga ngoma wote wawili. Tunafanya mazoezi sebuleni kwetu kila Jumamosi asubuhi, na tumeshaalikwa harusi Tongoni mwezi ujao. Juzi Miraji ameniandikia ujumbe: "Dada, tusiharibu kazi kwa vitu vidogo." Vitu vidogo! Sijamjibu na sitamjibu. Nimemwachia kinanda chake. Kwa kuwa kinajua kupiga kila kitu, kitampigia na makofi.

Mama anakusalimu sana, anasema upunguze chumvi. Imakulata anakupa shikamoo. Nisalimie mkaza mjomba Shahd, na ndugu zangu Qais na Muhanad, waambie Tanga ipo na wao hawaonekani. Mungu akupe afya, alinyooshe hilo goti, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nimalize na hili. Siku tuliyofunga zile nyuzi, Robert alipokwisha kuondoka, nilikaa peke yangu sebuleni nikapiga taratibu, wimbo wowote tu. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikasikia mbuzi imenyamaza. Akatokea mlangoni, nazi imemganda vidoleni, akaangaza chumba chote, nyuma yangu, pembeni yangu, kisha akauliza, "Taimur kaja saa ngapi?"

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye sana,

Siham