Bubu na Mashine Inayosema

Jumatano, 4 Machi

Kinyaa! Kibodi ya kaka imejaa makombo ya biskuti na — sikutaka kujua — kucha. Nimepangusa kwa spiriti huku nimeziba pua. Lakini kompyuta ndiyo hiyo moja, na ni yake.

Tangu Shangazi aondolewe uvimbe kooni hana sauti. Anataka aandike, mashine iseme. Programu ipo, ya bure, ila ile iliyo tayari haikubali kompyuta kuukuu kama hii. Imebidi nishushe msimbo wake wote, yale maandishi ya programu, niikompaili mwenyewe, yaani niugeuze kuwa programu inayofanya kazi. Ikagoma: maktaba fulani, kipande cha programu inachokitegemea, haipo. Nikaileta. Ikadai nyingine, na hiyo nyingine ina mama yake na wajomba zake! Nikauliza mtandaoni. Jibu: soma maelekezo. Kwani ninafanya nini?

Kaka akapita. Eti, Bubu, unatazama mchwa wakitembea? Bubu ndilo jina langu humu ndani. Sisemi sana, basi.

Alhamisi, 5 Machi

Imekubali! Mistari ikateremka, hakuna kosa hata moja. Shangazi akaandika, mashine ikasema: "Chumvi imezidi." Mama alicheka mpaka akalia.

Imebaki hatua moja, kuiinstoli, yaani kuisimika mahali pake kwenye kompyuta. Inataka nywila ya mwenye kompyuta. Yaani nimwombe kaka. Nimefika mlangoni kwake, nimerudi. Itatumika humo humo kwenye folda niliyoshushia. Nani ataigusa?

Ijumaa, 6 Machi

Kaka yuko kwenye simu, anajigamba: mashine ya Shangazi kaiunda yeye! Anaalika wageni, Jumapili waje waone. Hajui hata iko folda gani. Kinyaa! Nikala, nikanyamaza, nikaosha vyombo. Anayenitia kinyaa zaidi ni mimi.

Jumapili, 8 Machi

Kaifuta!! Alitaka nafasi ya filamu zake, akafagia folda nzima. Alidhani takataka, anasema. Wageni wako njiani, Shangazi anabonyeza — kimya. Anabonyeza tena. Sijawahi kumwona na macho yale.

Nimeshusha upya, nimekompaili upya. Maktaba zilikuwepo kwenye folda nyingine, afadhali. Halafu nikamwambia kaka, kwa sauti kabisa: nywila. Akaiandika mwenyewe, kaikinga kwa kiganja kama mtoto anayeficha majibu ya mtihani. "Haya, tumemaliza!"

Tumemaliza! Akaibeba kompyuta, huyooo sebuleni.

Mimi nimo chumbani na daftari hili. Ukuta mwembamba, nasikia kila kitu. Wageni: kijana ana kichwa huyu! Kaka: aa, kazi ndogo tu. Kicheko chake hicho, kama mafuta yaliyoganda.

Sasa kibodi inagonga. Shangazi anaandika, polepole, kidole kimoja. Ile sauti, kavu kama ya karani:

"Mwongo huyo. Mwiteni bubu mwenzangu."

Kaka anacheka peke yake. Anasema mashine ina hitilafu kidogo.

"Mwiteni bubu mwenzangu."

Mashine haichoki. Viti vinasogezwa. Mtu anakuja — kitasa kinazunguka. Nimesimama. Nitasema ni mimi