Watoto wa Kuazima

Pointe-à-Pitre,
8 Desemba 1998.

Mpendwa dada yangu Odanie,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, kwako na kwa wote waliomo nyumbani kwako Jacmel. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba ule mguu uliokulaza kitandani siku zote tulizokuwa huko sasa umekubali kukanyaga chini. Bado unaukanda kwa mafuta ya nyonyo, au umemsikiliza daktari? Jibu nalijua, lakini nauliza ili isije ikasemwa sikuuliza.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Théotime bado anaendesha lori la ndizi, na amenenepa kwa furaha ya kuitwa baba wa watu. Kila asubuhi anapiga honi mbele ya nyumba ya mama yake ili ndugu zake wote watoke waone amewapakia watoto. Mvua zimezidi mwaka huu na bati la jikoni linavuja pale pale.

Barua hii naituma kwa mkono wa Bi Altagrâce, yule mchuuzi wa nguo, anayepanda ndege Alhamisi. Nikiitia posta itakufikia baada ya Mwaka Mpya, na mambo yaliyomo hayawezi kungoja hadi hapo. Isome ukiwa peke yako, tafadhali.

Leo ni wiki ya tano tangu tulipomuaga Julmise tukaja na wanawe. Acélie ana miaka saba, Wisnel mitatu, hilo unalijua, maana wewe ndiye uliyenikutanisha na mama yao ulipokuwa ukinunua kahawa yake. Sikulaumu. Wewe ulitaka mjane apate nafuu na mdogo wako apate watoto. Lakini nitakuambia mapema kinachonikosesha raha, usije ukasoma hadi mwisho ukitafuta: dada, sijui kama watoto hawa nimepewa au nimeazima.

Siku ya mahakama hukuwepo. Tulipotoka nje, Julmise alimfunga Wisnel mgongoni mwangu kwa kanga yake mwenyewe, akaikaza fundo mara mbili. Kisha akanishika mikono, akasema, "Dada, nakuazima wanangu." Unawajua watu wetu. Mtu akifa wanasema Mungu alituazima, mtoto akizaliwa wanasema Mungu ametuazima. Nikaona ni maneno ya dini tu, nikamjibu kama mtu aliyelelewa vizuri: "Nimewaazima, dada, kwa mikono miwili." Waliokuwa pale ngazini wakaitikia amina. Neno hilo kwetu ni moja, anayetoa huazima na anayepokea huazima, na mimi nilijibu bila kufikiri.

Safari yenyewe ilianza vizuri. Wisnel alilala tangu gari lilipoacha Jacmel hadi ndani ya ndege. Acélie hakulala. Alikaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, mikono mapajani. Nikamwambia, "Egemea, mwanangu, kiti ni chako."

"Si changu, Shangazi. Nitakichafua."

Ananiita Shangazi hadi leo. Walipoleta juisi na biskuti alikula nusu, nusu akairudisha kwenye sahani na kumsogezea yule dada wa ndege kwa adabu. Kisha akatazama dirishani muda mrefu.

"Shangazi, kule chini ni maji tu?"

"Ni maji."

"Mpaka tutakapofika?"

"Mpaka tutakapofika."

"Sasa mtu akirudi kwa miguu anapita wapi?"

Théotime alicheka hadi akamsimulia abiria wa nyuma yetu. Nami nilicheka. Mtoto hakucheka, alitungoja tumalize ili ajibiwe. Hatukumjibu.

Kwenye uwanja wa ndege wa huku tulikutana na afisa kijana, mwenye sura ya mtu aliyekunywa kahawa bila sukari. Alitazama pasi yangu, akaona nilikozaliwa, akamwambia mwenzake kwa sauti, "Hawa Wahaiti, wakitoka wawili wanarudi kumi." Miaka kumi na sita niliyokaa hapa nimeyazoea hayo. Ndipo akainama kwa Acélie, akamuuliza kwa Kikrioli chao, ambacho si mbali na chetu:

"Haya, kabinti, huyu mama ni nani wako?"

"Ni Shangazi aliyetuazima."

"Kuwaazima? Kutoka kwa nani?"

"Kwa mama."

Dada, yule kijana alisimama wima kama aliyekanyaga msumari. Tuliwekwa chumba chenye viti viwili kwa saa tatu. Théotime alipandisha hasira, akawaambia kitovu chake kimezikwa hapa hapa kisiwani, Morne-à-l'Eau, na hakuna wa kumuuliza anakotoka, wakamwambia hawamuulizi yeye bali watoto. Mwishoni akaja mama mmoja mkubwa wao, akasoma karatasi zetu zote, akasema, "Karatasi ni safi. Mzazi ameweka kidole." Wakatufungulia mlango, na yule kijana hakuomba radhi.

Théotime akamshukuru Mungu kwa sauti hadi garini. Tulipokuwa njiani Acélie akanivuta mkono.

"Shangazi, karatasi imesema tarehe gani?"

"Tarehe ya nini?"

"Ya kurudi."

Nikamwambia amechoka, alale. Hakulala. Alikuwa akitazama njia, kila kona, midomo yake ikisogea, na mimi nikajifanya sioni.

Tangu siku hiyo tunaishi hivyo. Nguo nilizomshonea, na nilizishona miezi mitano kabla sijawaona, amezikunja vizuri na kuzirudisha kabatini. Anafua gauni alilokuja nalo, anangoja likauke, analivaa tena. Nilipomlazimisha avae jipya kwenda kanisani alitembea kama mtu aliyebeba mayai, na tuliporudi akalivua kabla ya kunywa maji. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sikujua kuna mtoto wa miaka saba anayeishi kwa methali hiyo.

Wiki iliyopita Wisnel aliteleza uani, jino la mbele likakatika kipande. Hakulia sana, nikampa muwa akasahau. Aliyeogopa ni dada yake. Alipiga magoti kwenye tope akakitafuta kile kipande karibu saa nzima, na nilipomwambia ni jino la utotoni, litaota jingine, akasema, "Mama atauliza. Nilimwambia nitamrudisha mzima."

Na Jumamosi, nikiwa nampakulia uji, Wisnel aliniita Mama. Odanie, wewe unajua nimelingoja neno hilo miaka kumi na mmoja. Unazijua mimba zangu tatu na zilikoishia. Sikuwa nimemfundisha, limemtoka mwenyewe. Acélie akaweka kijiko chini, akamfunika mdogo wake mdomo kwa kiganja, taratibu tu, hakumpiga, akashikilia hadi mtoto akalia. Kisha akaniambia bila hasira yoyote, "Usimzoeze, Shangazi. Ataumia siku ya kurudi."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya pipa la maji. Théotime anasema nakuza mambo. "Ni mtoto huyo, mke wangu, atasahau. Mimi tulihama nikiwa na miaka sita, hata mlango wa nyumba ile siukumbuki." Nikamwambia yeye alihama na mama yake. Hakupenda nilivyosema hivyo, na tangu juzi tunazungumza mambo ya chumvi na sabuni tu.

Jana ndiyo iliyonishikisha kalamu. Hakukuwa na shule, na saa tatu asubuhi nilikwenda kwa jirani kurudisha sufuria, niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilizunguka nyumba mara mbili nikiita, kisha nikakimbia barabarani na ndala moja. Nusu saa baadaye dereva mmoja wa basi, rafiki wa Théotime, akanirudishia wote wawili. Wisnel amechanwa nywele, viatu vimefungwa. Acélie yumo ndani ya gauni lake la safari. Dereva akaniambia, "Shemeji, huyu binti amenielekeza njia ya uwanja wa ndege kona kwa kona. Hakukosea hata moja."

Nikamuuliza kwa nini anatoroka, nani amemkosea humu ndani. Akashangaa kabisa.

"Sikutoroka, Shangazi. Nilikwenda kuuliza saa za ndege. Mama ametuachia boga nyuma ya jiko, amesema hatalikata mpaka tufike. Zimebaki wiki tatu tu, na wewe husemi kitu."

Supu ya boga ya Mwaka Mpya, dada. Julmise anawangoja tarehe mosi Januari. Ameacha boga kwenye mmea wake, kule kilimani Bwapen, na bila shaka humwambia kila anayepita kuwa ni la wanawe watakaporudi. Sijui umeshasikia habari hiyo sokoni. Kama umesikia na ukanyamaza, basi si mimi peke yangu niliyenyamaza, na sasa nifike kwenye langu.

Mficha uchi hazai, walisema. Mimi nimeficha, na kuzaa sikuzaa. Hiki ninachokuandikia sijamwambia Théotime wala padri.

Mahakamani hakimu alisoma hati yote kwa Kifaransa, kama sheria inavyotaka. Théotime alikuwa nje na watoto. Ndani tulikuwa hakimu, karani, mimi na Julmise. Ukurasa wa pili unasema undugu wote kati ya watoto na mzazi wa damu umekatika moja kwa moja, na hauwezi kurudishwa. Alipomaliza akamuuliza, "Mama, umeelewa?" Julmise akasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Ilikuwa ndiyo yetu ile, ndiyo tunayompa mtu yeyote mwenye mhuri. Baba yetu alimwambia ndiyo hiyo hiyo mpima ardhi aliyemchukulia nusu ya shamba, na wewe na mimi tulikuwa tumesimama pale.

Karani akamsogezea wino. Julmise akanyoosha kidole, kisha akakirudisha. Akageuka kwangu, kwa sababu mimi ni mwanamke kama yeye, na navaa miwani, na naongea lugha yake. Akaniuliza polepole, "Dada, amesemaje?"

Hakimu alikuwa akitazama saa yake. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikamwambia, "Amesema watoto watasoma."

Si uongo. Imeandikwa ukurasa wa tatu. Julmise akatabasamu, akachovya kidole, akakikandamiza kwa nguvu ili kitoke vizuri.

Kwa hiyo aliponiambia ananiazima, ngazini, nilimwelewa, Odanie. Hapo juu nimekuandikia kwamba niliona ni maneno ya dini, na hivyo ndivyo nilivyojisimulia wiki zote tano. Nilimwelewa, na nikamjibu haraka asije akasema zaidi.

Sasa nakuomba. Panda Bwapen kabla ya tarehe ishirini. Mguu ukikataa, kodi nyumbu, au umwambie mwanao Fénise akushike mkono, lakini uende wewe mwenyewe, maana wewe anakuamini. Nimekuwekea humu karatasi nyingine ambayo nimeandika maneno ya ukurasa wa pili kwa lugha yetu, yote, sikupunguza. Msomee. Akisema ndiyo, usiikubali ndiyo ya kwanza, muulize tena hadi akuambie kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Nilikuwa nimenunua kitambaa cha kumpelekea, nimekitoa kwenye kifurushi. Ningeona ni kama namlipa.

Akisema anawataka wanawe, niandikie kwa mkono wa Bi Altagrâce, anarudi tarehe ishirini na mbili. Mwanasheria atasema haiwezekani na Théotime atasema nimerukwa na akili. Nimeandika hapa kwamba nitawarudisha, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Utaona karatasi ilivyotoboka. Wisnel yupo miguuni pangu wakati huu, anacheza na vifungo vya kiatu changu, na ananiita, na dada yake yuko shuleni hayupo wa kumkataza.

Nisalimie mjomba Siméus, mwambie dawa yake ya macho ameibeba Bi Altagrâce. Nisalimie Fénise na mumewe, na mwanangu wa ubatizo Orélien, ambaye nasikia amekuwa mrefu kuliko adabu yake. Na wote wanaonikumbuka pale mtaani.

Mungu akutangulie kwenye kile kilima, akulinde usiteleze. Mimi kila asubuhi naomba Julmise akuelewe, na kabla sijasema amina najikuta naomba asielewe.

Mdogo wako akupendaye na asiyekuficha kitu tena,

Philomise