Kisima cha Uani

Munje, 1956

Mwanangu Matano,

Salamu zikufikie huko Ulaya kwenye baridi. Mie mzima, na mbuzi wetu kazaa pacha.

Uliandika kwamba hiyo elimu ya maji, uliyobakia kuisomea baada ya shahada, imekuonyesha kisima chetu kiko karibu mno na choo, nikifunge. Nimekifunga. Jirani yetu Mbeyu alinicheka, "Mwanao yuko Ulaya, anatunyima maji Munje!" Sasa wanawake wote huteka kwa Bimkubwa. Miguu yangu haifiki huko. Mbeyu huniletea ndoo, huitua mlangoni akaenda zake, nami kutwa nasema na mbuzi.

Sikulaumu, baba. Ukimaliza, njoo unichimbie kingine mbali na choo, lakini karibu na dirisha langu, niwasikie wakitaniana.

Mamako,
Biasha