Plasta Juu ya Mshale wa Joto

Jumatatu, 21 Oktoba 1974

Asubuhi kama kawaida. Kijiti ndani ya tangi, kikatoka kimelowa vidole vinne. Petroli ya kufika Kilosa na kurudi, basi. Nikaingia, nikawasha, mshale wa petroli ukaruka hadi mwisho wa geji. Tangi limejaa, eti. Unasema hivyohivyo tangu Saba Saba. Tangi likiwa kavu utasema limejaa. Mwongo mkubwa.

Geji ziko nne kwenye dashibodi ya hiki kikongwe, ukiacha ya mwendo. Petroli, joto la maji, oili, chaji. Zote nazidharau. Mmoja akishakuwa mwongo, ndugu zake nao siwaamini. Gari hili nimeliendesha tangu enzi za Mgiriki wa shamba la mkonge, leo ni la kijiji cha ujamaa, na sijawahi kuomba ruhusa kwa mshale. Petroli napima kwa kijiti. Joto napima kwa kiganja juu ya boneti. Oili naijua kwa pua.

Katibu wa kijiji hupenda kukaa mbele na kuzisoma geji, miwani puani, midomo inacheza. Leo tena: "Mafuta tele, ndugu dereva." Nikamwitikia ndiyo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Binti yangu Mwanaidi, mimba yake inaingia mwezi wa tisa. Mtoto wa kwanza alimpotezea njiani mwaka juzi, juu ya machela, kwa sababu gari halikuwepo. Lilikuwa Morogoro na wakubwa. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Safari hii mganga wa zahanati amesema lazima akajifungulie hospitali ya Kilosa. Nimepanga kumpeleka Jumamosi ya tarehe tisa, akangojee kwa shangazi yake. Gari liwe zima mpaka hapo. Mengine sitaki kusikia.

Jumatano, 23 Oktoba

Nilijua. Nilijua kabisa.

Safari ya Mikumi kuchukua mbegu. Nimeshika kijiti, nainama kwenye tangi, Katibu akanipigia honi mwenyewe. Tunachelewa. Geji inaonyesha limejaa, kijiti cha nini? Mbele ya wajumbe wawili. Nikakitupa kijiti nyuma, nikapanda. Tukafika kijiji cha Ulaya, gari likakohoa mara tatu, likazima.

Saa nne nzima juani mpaka lori lilipotugawia galoni moja. Wajumbe wamekaa kivulini mwa gari, Katibu anatembea huku na huku anasema dereva hana tahadhari. Mimi! Nilimtazama tu. Mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na hana akili ya kuchovya kijiti.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kikao cha kamati. Watu kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua boneti. Wameongea kutoka swala ya Ijumaa mpaka alasiri. Uamuzi: geji zitengenezwe Mikumi, kwa fundi anayeitwa Kasiani. Na dereva azifuate. Imeandikwa kwenye muhtasari, nimeonyeshwa nisome.

Kwa hiyo mimi, na mvi hizi, nifuate vioo vinne vya Mwingereza. Ya kuku kumfundisha bata kuogelea.

Mke wangu Bi Zuhura anasema niende tu, nisigombane na watu kabla Mwanaidi hajajifungua. Sijagombana na mtu. Nimenyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko wanakokuita ugomvi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mikumi. Karakana ya Kasiani ni bati nne kando ya lami. Malori ya Zambia yanapita, vumbi na moshi siku nzima. Kijana wa miaka thelathini hivi, ovaroli safi. Fundi mwenye ovaroli safi simwamini. Alinipa shikamoo yake vizuri lakini, hilo nitaliandika.

Hakugusa dashibodi kwanza. Akaingia chini ya gari, akacheka peke yake huko chini. Akauliza nani alipaka rangi tangi. Nikamwambia kamati. Kwa Saba Saba walipaka kijani kila kitu, tangi walilifungua wakalipaka nalo, pamoja na vyuma vinavyolishikilia, eti mgeni wa mkoa ataona gari jipya. Kasiani akasema hapo ndipo mshale ulipoharibika. Geji ya petroli ni ya umeme, tangi lazima ligusane na chuma cha gari. Rangi imekata njia. Umeme ukikosa njia, mshale unakimbilia kujaa.

Akakwangua rangi, akafunga waya mpya kutoka tangi hadi fremu. Mshale ukashuka mpaka robo. Nikachovya kijiti. Robo. Nikakifuta kijiti.

Basi wamemsingizia mshale, walaghai ni wale wapaka rangi. Kumi na wawili wale. Nilifurahi njia nzima.

Ila kijana ana domo. Aliniambia geji ya joto haina umeme. Ina kibomba chembamba cha shaba kinachotoka kwenye injini, ndani kina dawa inayotanuka ikipata moto. Kisipokatika, hakidanganyi. "Mzee, huu uamini kuliko mkono wako." Kisha akafungua mfuniko wa rejeta, akanusa, akachovya kidole kikatoka njano. "Mzee, humu mmepika pilau?"

Rejeta ilivuja, mwaka wa tatu sasa. Niliitibu kwa manjano na sabuni ya kipande, kama kila dereva mwenye akili wilaya hii. Kila ikilia nailisha kijiko. Haijavuja tena hata tone. Yeye anasema manjano yameziba vijia vya maji, niiache siku mbili aioshe. Nikakataa. Siku mbili bila gari, na Mwanaidi alivyo. Tena rejeta isiyovuja ina ugonjwa gani? Fundi wa lami. Amezoea malori mapya, hajui gari.

Alhamisi, 31 Oktoba

Siku ya tatu nalinganisha mshale wa petroli na kijiti. Robo kwa robo. Nusu kwa nusu. Inaudhi.

Kijiti sikiachi.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimemkamata mwongo wa pili.

Kilima kabla ya Kilosa, gari lina magunia manane, mshale wa joto ukapanda hadi karibu na mwisho. Katibu akaanza kupiga kelele, simama, simama, gari linachemsha. Nikasimama, nikaweka kiganja juu ya boneti. Vuguvugu, kama mgongo wa ng'ombe. Nikamwita aje aweke chake. Akaweka, akarudi kukaa. Nilitamani kamati yote iwepo.

Kibomba cha shaba, dawa inayotanuka. Upuuzi.

Niliporudi nikakata plasta ya zahanati, nikaubandika mshale wa joto usionekane. Hospitalini mgonjwa mpiga kelele hupewa dawa ya usingizi, huyu amepewa plasta. Katibu akiuliza nitamwambia uko kwenye matibabu.

Jumanne, 5 Novemba

Naandika nikiwa Kilosa, kwenye benchi la hospitali.

Uchungu ulimshika Mwanaidi leo alfajiri. Siku nne kabla ya safari niliyopanga. Mumewe yuko Malolo kwa mavuno ya vitunguu. Saa mbili asubuhi tulishaondoka: Mwanaidi na mama yake nyuma, mkunga wa kijiji, na Katibu mbele, ana barua za wilayani na hakubali kubaki. Petroli nusu, kwa kijiti na kwa mshale. Nilikwenda kasi. Nilikwenda kasi kuliko siku zote, kilima chote kwa gia ya pili, jua kali, mguu umekanyaga mpaka chini.

Kwanza ilikuja harufu. Manjano na sabuni, zinachemka. Bi Zuhura akauliza nani anapika karibu na barabara. Nilijua. Mungu anisamehe, nilijua pale pale, nikasema ni mashamba wanachoma. Katibu akanyoosha mkono kuelekea kwenye plasta, nikampiga mkono. Katibu wa kijiji, nimempiga mkono kama mtoto anayegusa sufuria.

Halafu mlio wa chuma kinasaga chuma. Likanoki, injini imekwama. Likasimama. Mvuke ukatoka pembeni pote.

Nikaibandua plasta. Mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa wa geji, umegota. Sijui umelala hapo tangu lini. Ulikuwa unaniambia njia nzima, na mimi nimeuziba mdomo.

Maili tatu kufika hospitali. Mwanaidi alishuka, akashika mlango, akatazama barabara, akasema "Baba, tena?" Maneno mawili. Hakulia. Afadhali angelia.

Wamasai wawili walikuwa wananywesha ng'ombe kwenye dimbwi la chini. Waliacha ng'ombe wakaja. Turubai la nyuma ya gari, miti miwili, kamba ya magunia, machela ikawa tayari. Nilitaka kushika mbele, nikachelewa. Aliyeshika mbele ni Katibu. Alivua koti, akaliweka juu ya boneti iliyochemka, akavua na viatu kwa sababu vinateleza. Maili tatu na Wamasai wale, bila kupumzika, bila neno. Kalamu zake zilidondoka barabarani. Mimi nilikuwa nyuma nazibeba kalamu za watu.

Nilimwita debe tupu. Debe tupu ni mimi.

Wameingia naye ndani saa tano. Sasa ni saa nane. Hakuna aliyetoka.

Jioni hiihii. Msichana. Analia vizuri. Mwanaidi amepoteza damu nyingi lakini ameongea. Hakuniita.

Jumatano, 6 Novemba

Nimeruhusiwa kumwona. Mtoto ana vidole virefu. Mwanaidi alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, basi. Bi Zuhura amekaa katikati yetu na kikapu.

Nimekuwa dereva miaka yote hii nikiwacheka wasiojua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliyenionya ni mdogo kwangu, na guu lililotaka kuvunjika si langu.

Jumatatu, 11 Novemba

Gari limevutwa na trekta la shamba mpaka Mikumi. Nilikaa kwenye usukani, linavutwa kama mbuzi. Watoto wa barabara nzima wamenicheka. Nilistahili.

Nilijitayarisha kwa domo la Kasiani. Nilikuwa na jibu. Halikuhitajika. Alifungua rejeta, akaigeuza, ikatoka matope ya njano, mazito, kama uji wa mgonjwa. Alijaza karai. Akaniletea kigoda nikae. Huruma yake ilinichoma kuliko kicheko.

Kichwa cha injini kimepinda. Pistoni moja imekwaruzika. Wiki tatu, Mungu akipenda. Nimeomba nikae nisaidie. Amekubali. Naosha vyuma vyake kwa mafuta ya taa.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo alinifundisha. Alichemsha maji kwenye sufuria, akatumbukiza kichwa cha kile kibomba, mshale ukapanda taratibu mpaka maji yalipotokota, ukatulia palepale. Akaepua. Ukashuka. Mara tatu. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Mimi nilihitaji kuua injini.

Kiganja changu na boneti? Upepo wa mwendo unapoza bati. Unapima bati, hupimi maji. Miaka yote napima bati.

Geji amezisafisha vioo, ameweka na balbu mpya nyuma yake. Mishale minne inasomeka.

Ijumaa, 6 Desemba

Gari limerudi. Kamati, ile ile ya kumi na wawili, imetaka lipakwe rangi upya kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru. Hawa watu hawaponi. Nilisimama nizungumze, Katibu akanitangulia. Alisema gari lisiguswe hata kwa kitambaa chenye rangi. Kisha akakaa. Hakunitazama.

Kalamu zake nilimrudishia siku nyingi. Neno la samahani ndilo sijalirudisha. Linanikaa kooni kama mwiba wa perege.

Jumapili, 15 Desemba

Arobaini ya mtoto imekwisha. Mwanaidi alitoka nje, akaja mpaka kwenye gari na mwanawe mgongoni. Akaulizia mshale uliokuwa na plasta. Nikamwonyesha. Nikamweleza kibomba, sufuria, yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

Akaingia ndani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu. Nilimkataza rangi hizo zamani, nikamwambia ni upuuzi wa wasichana wa mjini. Kumbe alikuwa nacho muda wote. Akaniuliza mshale ukifika wapi ni hatari. Nikaonyesha kwa kidole. Akapiga mstari mmoja juu ya kioo, mwembamba, umenyooka, akaupuliza ukauke.

Jumatatu, 16 Desemba

Safari ya Kilosa, mtoto kupimwa uzito. Mwanaidi nyuma, Katibu mbele. Petroli robo tatu. Sikuchovya kijiti.

Kilima kilekile. Mshale ukapanda, ukakaribia mstari wa Mwanaidi. Bado upana wa ukucha. Nikaweka gari pembeni, nikazima.

Nikamwambia, ndugu Katibu, unisamehe kwa ule mkono. Akasema yamepita. Akatoa miwani akaifuta.

Tulikaa. Mtoto alinyonya. Mshale ulishuka taratibu, tukautazama sote watatu mpaka ulipofika katikati.