Kiti cha Baba Kimetagiwa

Nanyuki, 4 Machi 2025

Dada yangu Wangui,

Bahati imenipenda mpaka naona aibu. Kikosi cha mashindano ya baiskeli hapa kimenichukua, na Jumamosi niliwaacha wazungu watatu kwenye kilima cha Naro Moru wakihema kama ng'ombe anayezaa. Mimi ni mzima. Goti la mama je? Na huko Kiganjo bado mnakula baridi tu?

Sasa sikiza. Hicho kiti cha baiskeli ya marehemu baba unachokalia, kipana kama sufuria ya harusi, springi zinalia mpaka mbwa wanatoka nje, ni aibu kwa ukoo. Watu wa maana hukalia kiti chembamba. Unainama, uzito unaenda miguuni na mikononi, makalio yanagusa tu, kama mgeni mwenye haraka. Nimekutumia kimoja na Mwai wa lori la viazi. Hicho kingine wape kuku.

Kaka yako bingwa,
Hezekiah

Kiganjo, 15 Machi

Kaka Hezekiah,

Mama anakusalimu, goti linamsumbua kukiwa na baridi. Kanisa lote pia linakusalimu, maana amewaambia habari ya wazungu.

Kiti nilikifunga. Lakini wewe unainama. Mimi nitainama vipi na mitungi miwili ya maziwa nyuma? Nikiinama, usukani unayumba. Kwa hivyo nakaa wima kama kawaida, na mwili wote uko juu ya kitu chembamba kama mwiko. Jumanne nilishindwa, nikashuka nikasukuma. Nikafika kituo cha maziwa gari limeenda, maziwa yamechacha. Mwenyekiti wa ushirika amesema nikichelewa tena, njia yangu ya kupeleka maziwa anapewa Mathenge. Mathenge, ati, ambaye hajui ng'ombe hukamuliwa upande gani.

Njia hii ndiyo inatulisha, kaka. Wewe ndiye unajua viti. Nivumilie?

Kiti cha baba, kuku ameshataga hapo.

Dada yako,
Wangui

Nanyuki, 18 Machi

Wangui,

Niko sawa, natumaini na nyinyi. Vumilia. Hayo ni makalio ya shamba, lazima yafundishwe. Na usiniletee hadithi za mitungi. Hapa tunaongea mambo ya mashindano.

Kaka yako bingwa

Kiganjo, 26 Machi

Kaka,

Salamu zako zilikuwa fupi, zangu pia ni fupi. Nimevumilia. Natembea kama bata, na Mathenge ananifuata nyuma akipiga mluzi. Jana nilifika gari likiwa limeanza kuondoka, dereva akanihurumia. Hatanihurumia mara mbili.

Jumamosi tunakuja Nanyuki, mimi na mama na akina mama wanne wa kanisa. Wao watakutazama ukishindana. Mimi nataka unionyeshe, kwa macho yangu, vile unakaa.

Dada yako

Nanyuki, 27 Machi

Dada yangu,

Msije. Akina mama waambie naumwa na tumbo.

Mtoe huyo kuku, urudishe kiti cha baba leo kabla hujakamua. Anayekaa wima na mzigo anataka kiti kipana chenye springi. Baba alijua, hata Mathenge anajua. Nimempa Mwai mafuta ujipake, na springi moja, maana ile ya kushoto ilichoka tangu nikiwa darasa la tano.

Hakuna kikosi. Naosha baiskeli za wageni hotelini. Kile kiti mzungu alikitupa, akasema kinamuumiza. Mimi sina baiskeli, Wangui. Natembea kwa miguu.

Hezekiah