Mjomba Alisaini Fomu Ambayo Sikumsomea Yote

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukiweza unijibu upesi, maana nimebakiwa na wiki tatu na sina wa kumwambia jambo hili nyumbani wala kazini.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, karani wa oda katika ghala linalosambaza dawa kwenye zahanati na maduka, na huu ni mwaka wa pili nasomea shahada ya uzamili ya mifumo ya taarifa za biashara, masomo ya jioni, natoka kazini naingia darasani na tumbo tupu, na nimeyavumilia yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja, mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenichukua nikiwa darasa la tatu mama alipofariki, akanisomesha, akaniombea kazi, na ndiye mtunza stoo mkuu wa ghala hilohilo. Pale kazini wanamwita Kompyuta. Ukimwuliza dawa fulani iko wapi anakutajia rafu, safu na katoni zilizobaki bila kufungua kitabu, na kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na moja.

Basi ulipofika wakati wa tasnifu sikutaka kuhangaika mbali, nikaamua kuchunguza jinsi stoo yetu inavyofanya kazi, hatua kwa hatua, ili nibuni mfumo wa kompyuta wa kuisaidia, meneja akanipa kibali kwa sharti kwamba apate nakala, na chuo kikanipa fomu ya ridhaa ambayo kila ninayemhoji lazima aisome na kuisaini. Mjomba akasema, "Miwani nimeisahau nyumbani, we nisomee tu." Nikamsomea, lakini aya ya nne, ile inayosema matokeo yatafikishwa kwa uongozi, niliiruka, nikajiambia hayo ni maneno ya kawaida tu, ya nini kumtia mtu mzima wasiwasi. Akasaini pale nilipomwekea kidole.

Miezi mitatu nilikaa naye stoo na daftari na saa, naandika anaanzia wapi, anasimama wapi, na kadiri nilivyochora hatua zake ndivyo nilivyoona kuna hatua moja haipo, hatua ya kusoma lebo, mjomba hasomi, anagusa ukingo wa rafu, midomo inahesabu hatua, ananyanyua katoni, anaitikisa kidogo karibu na sikio, basi. Siku moja paa lilivuja, wapakuzi wakasogeza mizigo, naye akaleta dawa ya maji ya kifua ya watu wazima badala ya ya watoto, nikaibadilisha kimyakimya kabla gari halijaondoka. Mchana ule akafunga mlango wa stoo akaniambia, "Macho yameniacha, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Hata mke wangu hajui. Hili usiliandike." Nikamwambia sitaandika.

Nikaandika. Msimamizi wangu wa chuo alikuwa ameirudisha sura ya nne mara mbili akisema, "Stoo ina kadi na rafu, hilo nani halijui? Wewe umegundua nini?" na mimi nilikuwa nimechoka, nataka kumaliza, nikaandika kurasa tano juu ya mtunza stoo anayefanya kazi kwa kumbukumbu na mguso kwa sababu haoni, nikamwita Mhojiwa wa Kwanza ili kuficha jina, na msimamizi akazipigia mstari akaandika pembeni, "Sasa hii ni tasnifu."

Utetezi wa tasnifu uko Alhamisi ya tatu kutoka leo, saa tatu asubuhi, na wageni wanaruhusiwa, meneja amethibitisha kuja, na mjomba ameshapeleka koti lake kwa dobi, anamwambia kila mtu ghalani kwamba mpwa wake amemwandika kwenye kitabu cha chuo kikuu, na anataka kiti cha mbele. Slaidi ya kumi na mbili inasema Mhojiwa wa Kwanza, mtunza stoo mkuu, miaka thelathini na moja kazini, uwezo wa kuona hafifu sana. Yeye hataiona, lakini meneja aliyekaa pembeni yake ataiona. Nimefikiria nimdanganye kwamba tarehe imebadilishwa, nimefikiria nifute kurasa zile nifeli, nimefikiria hata niache chuo, na kila akinicheka na kuniita "profesa" nasikia aibu ya kuingia ardhini. Nampenda kama baba. Nifanye nini?

Mimi mpwa wake.

*

Mpwa wake,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya zingine kwa sababu ya tarehe. Kabla ya kuichapa nimebadilisha mambo kadhaa, biashara yenyewe, miaka, uhusiano wenu na mengine, ili mtu wako asitambulike hata na jirani yake. Ilinichukua dakika kumi. Wewe ulikuwa na miaka miwili, na ukamficha nyuma ya maneno "Mhojiwa wa Kwanza" katika ghala lenye mtunza stoo mkuu mmoja. Huko si kuficha, binti yangu.

Nakuonea huruma, na sisemi hivyo kwa kukubembeleza. Kusoma baada ya kazi kunachosha, na mtu aliyechoka huandika kitu ambacho asingekiandika akiwa ameshiba na amelala. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Kuna sentensi moja uliyoiandika harakaharaka ukapita: dawa ya watu wazima iliyotaka kwenda kwa watoto. Umenieleza zaidi habari za koti na kiti cha mbele kuliko habari za katoni hiyo. Uliibadilisha siku ile kwa kuwa ulikuwepo na daftari lako. Siku ambazo hukuwepo, nani alibadilisha? Hujui. Mimi pia sijui, na jambo hilo limeninyima raha tangu niisome barua yako. Kwa hiyo siwezi kukuambia ufute kurasa na siri ibaki stoo. Mjomba wako naye amekosea, na umpende vipi, kosa lake lina watoto wa watu ndani yake.

Hapohapo, siri ile ilikuwa ya kusemwa na yeye, kwa mdomo wake, sio na ukuta wenye slaidi mbele ya bosi wake.

Sasa nisikilize. Tarehe usiidanganye. Umeshamnyima aya moja, usimnyime na siku. Kuanzia kesho asubuhi katoni isitoke stoo bila wewe au karani mwingine kusoma lebo yake kwa sauti na kuilinganisha na oda. Sema ni sehemu ya utafiti wako, maana ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Jumamosi hii nenda kwake na fomu ile. Mkae wawili, redio izimwe. Mwambie ulivyofanya, usianze na machozi, maana ukilia ataacha mambo yake aanze kukubembeleza wewe, ndivyo walivyo wazazi. Mwambie ya katoni. Halafu muulize swali ambalo kwa miezi mitatu ya maswali hukumwuliza: amewahi kumwona daktari wa macho? Labda yanatibika, labda hayatibiki, lakini hujauliza. Ulihesabu hatua zake zote, mjomba mwenyewe ukamwacha.

Mpe wiki moja aende kwa meneja mwenyewe, nawe ukae kando yake. Akishindwa, utakwenda peke yako, na hilo ajue tangu Jumamosi. Kwa msimamizi wako nenda Jumatatu, umwambie ridhaa ile haikuwa ridhaa. Zile kurasa zitoke, mpaka mjomba mwenyewe aseme zirudi. Chuo kikikusogeza muhula mzima mbele, sogea. Kisha uandike upya kuhusu mtu aliyebeba ghala zima kichwani miaka mingi bila mfumo wowote kuandikwa, na nini kinapotea siku akiondoka. Msimamizi aliuliza umegundua nini. Ni hicho.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukaa mwezi bila kukuita profesa. Vumilia, umeyataka mwenyewe, na mtu aliyekulea tangu darasa la tatu hakuachi kwa sababu umemwambia ukweli, ingawa anaweza kukuacha kwa kuusikia ukumbini.

Lakini hayo yote yatafuata. Kwanza ni Jumamosi, na fomu. Usimpe asome, usimwekee kidole pa kusaini. Msomee wewe, polepole, kuanzia juu, na ukifika aya ya nne, isome mara mbili.