Fundo la Mkono wa Kushoto

Mbalibali, Serengeti.
Jumatano.

Dada yangu Modesta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu wa Athanas ulioteguka umeshapona. Huku watoto hawajambo, ng'ombe wanakula, mtama tulivuna wa kutosha. Mimi mwenyewe mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma. Utanisamehe kwa mwandiko, unaujua mkono wangu huu wa kushoto, ambao mama aliuchapa mwiko mpaka akachoka mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu hapa nyumbani ni moja, na Heche alipokwenda porini aliiacha kwa Wegesa. Hakuiacha kwangu mimi niliyeolewa kwanza nikamzalia wanne, aliiacha kwa yule wa juzi. Sasa nikitaka kuongea na dada yangu wa tumbo moja, niende nikaombe kwa mke mwenzangu, naye asimame mlangoni akijifanya anapepeta mtama na masikio yote yako kwangu. Nikaona heri kalamu. Mwalimu Editha anakuja Nyamwaga kesho, nitampa bahasha.

Wewe uliolewa kwa watu wa migomba, kazi ya unga wa porini hukuwahi kuifanya, kwa hiyo nikueleze. Mwezi wa saba nyumbu wakipita, wanaume wa huku huingia porini siku nne, tano. Kibali hawana, na wewe usiniulize. Kule hawawashi moto, maana moshi unaonekana mbali na askari wa hifadhi wako vilimani na darubini zao. Ndiyo maana sisi wanawake tunaukaanga mtama mpaka uwe wa kahawia, tunausaga, tunatia karanga na chumvi. Mwanaume anachota kikombe, anatia maji, anakoroga, anakunywa, basi. Mtama usipokaangwa, unga wake ni wa kupika tu, na kule hakuna kupika.

Miaka kumi na mmoja mfuko huo niliufunga mimi. Wegesa alipoletwa kutoka Susuni, mwaka juzi, hata kushika kikaango hakujua. Nani alimfundisha? Mimi. Nilikaa naye jikoni macho yakitoka machozi kwa moshi, nikamwonyesha namna ya kukoroga bila kupumzika mpaka harufu ibadilike. Akajua. Halafu akaenda kwao, akarudi na ndizi zilizokaushwa, akazisaga, akazichanganya humo. Wanaume waliporudi mwaka jana habari ilikuwa moja tu, unga wa Wegesa. Elia, mdogo wake Heche, ambaye ndiye kiongozi wao huko porini, alisema mbele ya watu wote uani kwamba siku hizi porini kunalika kama harusini. Heche alicheka tu. Lakini dada, mimi nilikuwa naye miaka yote hiyo na hajawahi kuniambia unga wangu ni mtamu wala mchungu. Wa Wegesa alikuwa analamba vidole.

Nilikuwa na wivu. Nitakuficha nini wewe? Nilikuwa nikimwona anapita na ndoo kichwani, shingo imenyooka, kifua kinaniwaka. Akiimba, naudhika. Akinyamaza, nasema ananidharau. Akinisalimia vizuri ndiyo kabisa, nasema anajionyesha.

Basi mwaka huu Elia akaja kupanga safari. Akasema unga uwe wa Wegesa peke yake, na mimi nitayarishe chumvi ya nyama na kuosha madumu ya maji. Chumvi na madumu, dada! Niliitikia vizuri, nikamkaribisha na chai. Heche alikuwa pale pale anakunywa chai yake.

Waliondoka Jumatatu ile nyingine, watu watatu, Heche, Elia na jirani yetu Jackson. Siku mbili za mwanzo walikula viazi vya kuchemsha. Siku ya tatu wakafungua mfuko wa unga. Juu ulikuwa sawa, chini yake mbichi. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, njaa imewashika, wakakubaliana wawashe moto mdogo korongoni, wasonge ugali haraka, wazime. Ugali haukuiva. Askari walitokea pande mbili. Elia na Jackson walikimbia, Heche na goti lake lile hakuweza. Yuko mahabusu Mugumu hadi leo, na watu wanasema akifungwa itakuwa miaka mingi.

Elia alifika hapa na nguo zimechanika, akamwendea Wegesa moja kwa moja. Alimwambia kwamba hata mtoto anajua kukaanga mtama, kwamba alikusudia, kwamba huenda hata na askari alisemezana nao. Ukoo utakaa Jumamosi. Wengi wanasema arudishwe kwao Susuni, na mtoto wake abaki hapa. Mtoto bado ananyonya.

Na Wegesa hajitetei. Anasema siku ile alisaga aina mbili, wa porini na wa nyumbani, kwa hiyo lazima alichanganya, ingawa hakumbuki. Juzi alikuja jikoni kwangu akapiga magoti. Akaniambia, “Dada, nimekuharibia mume wako. Nisamehe.” Alisema mume wako. Nilimwinua, nikamwambia anyamaze, nikampa uji.

Sasa, dada, kaa chini.

Siku ya kusaga, Wegesa alikwenda mazoezi ya kwaya, akaniachia mfuko wa porini umeshafungwa. Niliufungua. Nikamwaga unga wake wote kwenye pipa langu, nikajaza ule mbichi, juu nikarudishia vikombe viwili vya kwake ili harufu isinisaliti. Nikafunga. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, warudi kabla ya siku zao wamenuna, na Elia aseme pale pale uani kwamba unga wa Wegesa umewatia aibu. Habari ya moto haikunijia kichwani. Mimi niliyejua miaka kumi na mmoja kwa nini tunakaanga, nilisahau kwa nini tunakaanga. Wala ule unga wake sikuutupa. Tumeula, mimi na wanangu. Ni mtamu kweli.

Nilikuwa nimeazimia kunyamaza. Nilijiambia Wegesa bado kijana, ataolewa kwingine. Lakini jana nilitumwa mimi, kama mke mkubwa, kumpelekea Heche chakula. Nilifunga ugali na dagaa kwenye kipande cha kanga. Heche alipokea, hakufungua. Akaligeuza lile fundo upande huu na huu, akaniangalia.

Akasema, “Mama Rose, mfuko ule hakuufunga Wegesa.”

Akaniambia kwamba watu wote hufunga kwenda kulia, mimi peke yangu nafunga kwenda kushoto. Kwamba miaka kumi na mmoja amekuwa akifungua mafundo yangu porini bila kuyatazama, kwa vidole tu, na alipolishika lile alifurahi, akadhani nimemfungia safari mimi. Elia hajamwambia, askari hajawaambia. Alisema hatamwambia mtu, niseme mwenyewe, na Wegesa asifukuzwe. Kisha akafungua fundo akaanza kula.

Dada, unaona? Miaka yote nalia kwamba mwanaume huyu hauoni mkono wangu, kumbe alikuwa anaujua hivyo. Na kumbe ule wivu haujaisha, maana njiani nilikuwa nawaza kwa nini jina la Wegesa lilimtoka mdomoni mara mbili na langu mara moja.

Jumamosi nitasema mbele ya ukoo. Huenda nitakayerudishwa ni mimi, nije nyumbani kwa mama na kibegi. Nakuomba uje Ijumaa. Usinitetee, kaa tu nyuma yangu nikuone nikigeuka. Wegesa nitamwambia kabla yao, kesho asubuhi, tukiwa jikoni.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na mama ukipita kwake, ila haya usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Mokami.

Bahasha haikuwa na gundi, nimeifunga kwa uzi. Ukiufungua, tazama unakoelekea.